Mdogo Wangu Kawa Mmormoni, Nami Nikaingia Barabarani

Jumamosi. Buffalo – Palmyra

Tangu mdogo wangu abatizwe Nairobi, kila nikimpigia Mama simu Voi, tukishamaliza habari za mvua na bei ya mahindi, lazima tufike hapo: "Na hiyo dini ya Mormoni, asili yake ni wapi hasa?" Sisi ni Waanglikana tangu enzi za babu. Lakini linalomuuma Mama zaidi ni chai. Kijana alikwenda nyumbani Krismasi, akawekewa chai ya maziwa yenye tangawizi, akasukuma kikombe taratibu na kuomba maji. Mama hajaisahau ile chai.

Nilipomwambia kwamba asili ya dini hiyo iko kama kilomita 150 kutoka hapa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, ninapoishi na kufanya kazi, alinyamaza, kisha akasema, "Basi nenda ukaangalie, mwanangu." Nilikuwa na likizo ya siku tisa. Nikajaza tangi asubuhi hii.

Palmyra ni mji wa barabara moja kubwa, lori hupita bila dereva kushika breki. Kwenye njia panda yake kuna makanisa manne, moja kila kona, yanatazamana kama wauza mitumba wanaogombea mteja mmoja. Majengo hayo ni ya baadaye kidogo, lakini ugomvi wenyewe ulikuwepo wakati familia ya Joseph Smith, mwanzilishi wa dini hii, ilipohamia hapa kutoka Vermont. Walikuwa wakulima waliokimbia mwaka 1816, mwaka uliokosa kiangazi: mlima Tambora ulilipuka kule Indonesia mwaka uliotangulia, vumbi likafunika anga, na New England, yaani Vermont na majimbo jirani, ikapata baridi kali katikati ya msimu wa mazao. Huku New York ulikuwa unakuja mfereji wa Erie, na pamoja nao pesa, wageni, na wahubiri. Wamethodisti, Wapresbiteri na Wabaptisti walipokezana mikutano ya uamsho hadi eneo likaja kuitwa nchi iliyoungua kwa moto wa wahubiri. Joseph, mtoto wa kiume wa tatu kati ya waliokua, alisema baadaye kwamba mwaka 1820, akiwa na miaka 14, aliingia msituni kuuliza ni kanisa gani la kweli, akaambiwa asijiunge na lolote.

Mchana niliingia katika jengo la mchapishaji E. B. Grandin. Hapa ndipo Kitabu cha Mormoni, kitabu kitakatifu cha dini hiyo, kilipochapwa: nakala 5,000 kwa dola 3,000. Mama akiuliza asili, mimi ningemwonyesha bili hii kwanza. Joseph hakuwa na senti. Jirani yake, mkulima mwenye nafasi aitwaye Martin Harris, aliweka shamba lake rehani. Habari ikavuja, wenyeji wakaapa kwamba hawatakinunua kitabu hicho, Grandin akaogopa akasimamisha kazi hadi alipohakikishiwa malipo. Mwishowe Harris aliuza ekari 151 kulipa deni. Ndoa yake ilikuwa imeshavunjika.

Binti mmisionari mwenye beji kifuani alituonyesha karatasi moja kubwa iliyochapwa, akaikunja mara moja, mbili, tatu, na ghafla mkononi mwake kukawa na kurasa 16 zimepangika. Mafungu 37 ya namna hiyo ni kitabu kimoja. Zidisha kwa 5,000, kila karatasi ikisukumwa kwa mkono. Mpanga herufi, John Gilbert, alikumbuka uzeeni kwamba mswada alioletewa haukuwa na nukta wala mkato toka mwanzo hadi mwisho. Alizitia yeye, kwa penseli. Hyrum, kaka yake Joseph, alikuwa akileta kurasa chache kila asubuhi, kazificha ndani ya kizibao, na jioni anarudi kuzichukua. Kitabu kilianza kuuzwa Machi 1830.

Nimelala nyumba ya wageni ambayo kipasha joto chake kinanguruma kama posho mill.

Jumapili. Shamba la Smith, Kumora, Fayette

Niliufikia msitu kabla ya watu. Wao huuita Kichaka Kitakatifu. Ni miti mirefu, majani yameshaanza kugeuka rangi, na hakuna sanamu wala kibao chochote kinachosema ni hapa. Nililipenda hilo. Joseph mwenyewe aliandika simulizi ya siku ile zaidi ya mara moja, ya kwanza mwaka 1832, na hazilingani kila kitu. Kanisa limezichapisha zote, anayetaka azisome.

Nyumba ya mbao ni ile ile iliyoanzishwa na Alvin, kaka mkubwa, ambaye alikufa Novemba 1823 kabla ya kuimaliza. Miezi miwili kabla ya kifo hicho, usiku wa Septemba 21, Joseph alisema alitokewa na malaika Moroni akamwambia kuhusu mabamba ya dhahabu yaliyozikwa kilimani karibu na hapo. Alikwenda mwaka hadi mwaka, tarehe ile ile, na Septemba 22, 1827 akarudi na kitu kizito, usiku, kwa gari la farasi, na Emma mkewe akimsubiri. Mwongozaji alituonyesha jiko la moto: matofali yaling'olewa, sanduku likafukiwa chini, matofali yakarudishwa, maana majirani walikuwa wanawinda dhahabu.

Na kwa nini majirani waamini kwamba kuna dhahabu? Kwa sababu Joseph na baba yake walikuwa wakikodishwa kutafuta hazina zilizofukiwa. Kijana alikuwa na jiwe. Analiweka ndani ya kofia, anaziba uso kwa kofia, anasema anachokiona. Kwetu angeitwa mpiga ramli na asingekosa wateja. Mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu huko Bainbridge kwa kazi hiyo, na bili ya hakimu ilipatikana mwaka 1971: dola 2.68. Zamani waumini walikasirika ukitaja jiwe. Mwaka 2015 kanisa lenyewe lilichapisha picha yake, jiwe la rangi ya chokoleti, umbo la yai. Na ni Emma aliyesema kwamba mumewe alitamka tafsiri ya mabamba, ndiyo Kitabu cha Mormoni, akiwa na uso ndani ya kofia, na jiwe humo ndani.

Emma ndiye shahidi ninayemwamini zaidi, labda kwa sababu anazungumza kama mtu aliyekuwa na kazi za nyumbani. Mwaka 1879, karibu na kufa, mwanawe alimhoji. Hakuyaona mabamba kwa macho, alisema, lakini yalikuwa mezani yamefungwa kwa kitambaa cha kitani, naye aliyapapasa kupitia kitambaa. Kurasa zake zilinyumbulika kama karatasi nene, na ukizipitisha kidole gumba ukingoni zilitoa sauti ya chuma. Aliyasogeza huku na huku ili apate nafasi ya kufanya kazi. Hakutaka kuchungulia? Alisema hakuwa na udadisi huo, nami nimekaa kwenye gari dakika nzima nikiwaza kama mimi ningevumilia.

Harris alikuwa mmoja wa waandishi wa kwanza wa yale aliyotamka Joseph. Mwaka 1828 aliomba aende na kurasa 116 nyumbani akamwonyeshe mkewe, Lucy, aliyemwona anatapeliwa. Kurasa zilipotea hadi leo. Joseph hakuzirudia, alisema Mungu amemwonya kwamba maadui wangebadilisha zile za kwanza na kumwumbua. Kitabu tulicho nacho alikitamka kuanzia Aprili hadi Juni 1829, na mwalimu wa shule Oliver Cowdery akiandika: familia inatoka Yerusalemu miaka 600 kabla ya Kristo, inavuka bahari hadi Amerika, inagawanyika, inapigana, Yesu aliyefufuka anawatembelea, na mwisho Moroni, ndiye yule malaika wa baadaye, anabaki peke yake na kufukia kumbukumbu. Wanaakiolojia walio nje ya kanisa hawajaona mji hata mmoja wa watu hao. Mdogo wangu hilo halimsumbui.

Kilima Kumora ni kirefu, chembamba, kimechongwa na barafu ya kale. Nilipanda, nikapiga picha, nikashuka. Fayette nako niliwahi kabla ya giza: kibanda cha magogo kilichojengwa upya, mahali ambapo kanisa liliundwa Aprili 6, 1830. Wanachama waanzilishi walikuwa sita. Kwetu hiyo haitoshi hata chama cha kuweka akiba.

Jumatatu. Buffalo tena, kisha Kirtland

Nimelala kitandani kwangu, safari gani hii. Lakini njia ya Ohio inapita hapa, na nilikuwa na sababu nyingine. Mwaka 1843 mwanamke mweusi huru aitwaye Jane Manning alitoka Connecticut na mama yake na ndugu zake, wameshabatizwa, wakiwa na wenzao wazungu, kwenda kwa nabii. Walifika Buffalo kwa mashua ya mferejini. Walikuwa wameambiwa nauli itadaiwa mbele. Hapa wakadaiwa hapo hapo, hawakuwa nayo, wakashushwa. Wazungu wakaendelea. Wao wakatembea kwa miguu hadi Nauvoo, Illinois: karibu kilomita 1,300.

Nilikwenda gatini kutazama maji ya ziwa Erie. Nimeishi mji huu miaka sita na sikuwahi kusikia jina lake. Halafu nikaendesha saa tatu na kidogo, na sina la zaidi kuhusu Jumatatu.

Jumanne. Kirtland

Joseph alihamia hapa mapema 1831, kwa sababu mhubiri wa hapa, Sidney Rigdon, alikuwa ameongoka na kundi lake. Ndani ya miezi michache kijiji kikawa makao makuu.

Duka la Newel Whitney bado lipo. Nilipanda ngazi hadi kile chumba kidogo cha juu. Humu wanaume walikusanyika kwa mafunzo, wamewasha viko, moshi tele, na wengine wanatafuna tumbaku na kutema sakafuni. Brigham Young, aliyekuja kuongoza kanisa baada ya Joseph, alisimulia baadaye kwamba Emma, aliyekuwa akisafisha, alilalamika, na Joseph akaenda kuuliza kwa Mungu. Februari 27, 1833 likatoka Neno la Hekima: pombe hapana, tumbaku hapana, "vinywaji vya moto" hapana. Hivyo vya moto vikafasiriwa kuwa kahawa na chai.

Nilimpigia Mama nikiwa papo hapo juu ya ngazi. "Nimeipata chai yako," nikamwambia. Nikamweleza mate ya tumbaku. Akacheka hadi akakohoa. "Kwa hiyo kosa ni la wavuta kiko, mimi naadhibiwa kwa nini?"

Hekalu la Kirtland liliwekwa wakfu Machi 27, 1836. Tofauti na mahekalu yao ya leo, pamoja na lile la Nairobi lililowekwa wakfu Mei 2025, hili mtu yeyote huingia. Ndani kuna mimbari mbele na mimbari nyuma, zimepanda ngazi kwa ngazi, ili kila ngazi ya ukuhani ipate kiti. Tangu karne ya 19 lilikuwa mikononi mwa kanisa jingine, lililotoka kwa wale waliobaki na mjane na watoto wa Joseph. Machi 2024 wakaliuza kwa kanisa la Salt Lake City, Utah, ndilo la mdogo wangu, pamoja na nyumba kadhaa za Nauvoo na nyaraka za kale, kwa dola milioni 192.5. Ukumbuke zile dola 3,000 za Harris.

Lakini hekalu liliacha madeni, na Januari 1837 viongozi wakafungua benki. Ohio ikawanyima leseni. Noti zilikuwa zimeshachongwa zenye neno benki. Walichofanya ni kupachika herufi ndogo mbele na nyuma ya neno hilo ili lisomeke kwamba hii ni kampuni ya kupinga mambo ya benki. Nilisoma hayo mara mbili. Kabla ya mwaka kwisha benki ilikufa, katika mtikisiko wa uchumi uliomeza benki nyingi nchini, na waumini waliopoteza akiba wakamgeukia nabii. Januari 1838 alitoroka usiku. Harris alikuwa ameshatengwa na kanisa. Alibaki Kirtland, mzee wa watu, akiwatembeza wageni hekaluni kwa hiari yake, hadi alipopelekwa Utah mwaka 1870 akiwa na miaka 87. Harris, Cowdery na David Whitmer, mashahidi watatu waliosema walionyeshwa yale mabamba, wote waliliacha kanisa au kufukuzwa nalo, lakini hawakukana kamwe. Hapo ndipo hesabu zangu hugoma.

Jumatano. Hiram, kisha barabara

Asubuhi nilipitia Hiram, kwenye nyumba ya mkulima John Johnson. Usiku wa Machi 24, 1832 kundi la watu lilimburuta Joseph nje, likampaka lami na manyoya. Alikuwa amekesha na mtoto mgonjwa wa surua, mmoja wa pacha wa kulea. Mtoto alifariki siku chache baadaye. Marafiki walikwangua lami usiku kucha, ngozi ikatoka nayo. Kesho yake ilikuwa Jumapili, akahubiri.

Halafu zaidi ya kilomita 700 za mahindi. Indiana nilipata pancha. Mzee mmoja mwenye pikapu alinisaidia kufunga tairi la akiba na kuniuliza ninakwenda wapi. Nilipomjibu alisema, "Ah, wale," akaendelea kukaza nati.

Missouri sikuifika, siku hazikutosha, ingawa ndiko mambo yalikoharibika. Joseph alitangaza mwaka 1831 kwamba Sayuni itajengwa huko, katika mji wa Independence. Wakaja kwa mamia, wakanunua ardhi pamoja, wakapiga kura pamoja, wakasema wazi kwamba nchi hii Mungu kawapa. Missouri ilikuwa jimbo la watumwa, na gazeti lao lilipoandika mwaka 1833 kuhusu watu weusi huru kuhamia jimboni, wenyeji walilivunja jengo la mitambo yao. Wakafukuzwa kata moja, kisha nyingine. Sidney Rigdon naye akahutubia kwa vitisho, na pande zote zikachoma nyumba. Oktoba 27, 1838 gavana Lilburn Boggs alisaini amri kwamba Wamormoni waangamizwe au waondolewe jimboni. Siku tatu baadaye watu 17 waliuawa katika kinu cha Haun. Amri ile ilifutwa rasmi mwaka 1976.

Nimelala Peoria. Hapa maofisa walimtishia Jane na wenzake jela kwa kukosa hati za uhuru. Mwanzoni hawakuelewa wanadaiwa nini, alisimulia, kwa sababu hawakuwahi kuwa watumwa. Miguu ilikuwa imeshapasuka. Viatu vilikwisha njiani, nyayo zao zikawa zinaonekana kwa damu ardhini. Makaratasi yangu mimi yako ndani ya bahasha, kwenye droo ya dashibodi. Niliyakagua kabla ya kulala, bila sababu.

Alhamisi. Nauvoo

Hapa nimeelewa kwa nini walishindwa kuondoka kwa furaha. Mto Mississippi unajipinda na kuukumbatia mji pande tatu. Walipofika 1839 kutoka Missouri palikuwa kinamasi, na kiangazi hicho wengi waliangushwa na homa ya vipindi. Ni malaria tu, mgonjwa anatetemeka chini ya blanketi katika joto la Julai. Wakakausha maji kwa mitaro. Mwaka 1844 mji ulikuwa na watu karibu 12,000, ukishindana na Chicago. Joseph alikuwa meya, kamanda wa jeshi la mji, nabii, na mgombea urais wa Marekani. Kofia nyingi mno kwa kichwa kimoja.

Na alikuwa na wake. Kanisa lenyewe liliandika mwaka 2014 kwamba makadirio ya makini ni kati ya 30 na 40. Mimi natoka kwenye watu wasioshtushwa na ukewenza. Babu mzaa baba alikuwa na wake watatu kabla ya ubatizo, kila mmoja na nyumba yake na shamba lake, mchana kweupe. Kilichonikaa kooni ni usiri: baadhi ya ndoa zilifungwa Emma hajui. Leo muumini anayeoa wa pili hutengwa.

Jane alifika. Wenzake walipelekwa kwenye kazi, yeye akabaki analia, na Joseph na Emma wakampa chumba na kazi nyumbani kwao, ile nyumba kubwa iliyo bado karibu na mto. Siku moja mama mzazi wa Joseph alimpa kifurushi ashike, asikifungue, akamwambia ni vyombo vya kutafsiria yale mabamba. Tena kitambaa, tena mkono wa mwanamke wa kazi juu yake.

Hekalu la mawe liko kilimani. La zamani liliteketea 1848. Hili lilijengwa upya na kuwekwa wakfu 2002. Sikuingia, sina kibali. Nilikaa kwenye majani, wapita njia wakinisalimu mmoja mmoja kwa ukarimu uliozidi kipimo.

Ijumaa. Carthage

Kilomita chache kusini-mashariki, na safari imeisha. Juni 7, 1844 waumini waliojitenga walichapisha gazeti likifichua ndoa za siri na kulaani madaraka ya Joseph. Toleo lilikuwa moja tu. Baraza la mji likaamuru mtambo uvunjwe, ukavunjwa. Yeye, ambaye watu wake walivunjiwa mtambo Missouri! Akashtakiwa, akajisalimisha na Hyrum, wakawekwa katika jela hii ya mawe. Juni 27, jioni, kundi lenye nyuso zilizopakwa rangi nyeusi lilipanda ngazi.

Mlango wa chumba ni ule ule wa siku hiyo, mbao nyembamba, na una tundu la risasi. Hyrum alikuwa ameusukuma kwa ndani. Alipigwa usoni akaanguka. Joseph alifyatua bastola ndogo aliyoingiziwa na rafiki, kisha akakimbilia dirishani, akapigwa, akadondoka nje. Alikuwa na miaka 38. Watu watano walisimamishwa kizimbani kwa mauaji, wote wakaachiwa.

Nilimtumia mdogo wangu picha ya mlango. Akajibu mara moja kwa moyo na mikono ya maombi. Anajiandaa kwenda misheni miaka miwili. Katika Kiswahili cha kanisa lao ataitwa Mzee, na Mama bado anauliza huyo aliyezaliwa juzi atakuwaje mzee.

Jioni nilimpigia Mama, akataka kujua habari za Jane kuliko za nabii. Nikamwambia: alikwenda Utah mwaka 1847 na msafara wa magari ya ng'ombe nyuma ya Brigham Young. Mwaka 1852 Brigham alitangaza kwamba mweusi hapewi ukuhani, ingawa hapo awali, 1836, Elijah Able, mweusi, alikuwa amewekwa kuwa mzee wa kanisa. Jane aliomba tena na tena apate baraka za hekaluni. Mwaka 1894 walimkubalia kitu kimoja, aunganishwe na familia ya Joseph Smith milele, kama mtumishi. Alifariki 1908. Zuio liliondolewa Juni 1978.

"Sabini na nane," Mama alisema. "Mimi nilikuwa darasa la saba." Kisha: "Na huyu wetu, anapopewa huo ukuhani, amesimuliwa habari za huyo mama?"

Nilimwandikia usiku huo kumwuliza. Nairobi kulikuwa kunapambazuka. Akajibu: "Jane yupi, dada?"

Nikamwambia nikifika Buffalo nitampigia.